Chupa Isiyo na Tarehe

Rhobi Nyangwine aliandika tarehe kwenye kila kitu. Katika stoo yake ndogo ya picha pale Nyangoto, kila chupa ilibandikwa plasta nyeupe ubavuni, na juu ya plasta alikuwa ameandika kwa wino siku dawa ilipochanganywa na siku ambayo ingekwisha nguvu. Maji ya kijani hukaa miezi mitatu kabla ya kuota ukungu. Maji ya manjano hukaa mwaka mzima yakifichwa mwanga. Ukiyachanganya hayo mawili ili upate picha ya bluu, una siku chache tu. Baada ya hapo karatasi hugeuka bluu yote hata kabla ya kuona jua, na sura ya mtu hupotea ndani yake.

Kazi hiyo alifundishwa na mwalimu wa sanaa aitwaye Nora, aliyewakusanya wanawake kumi na wawili kule Morotonga mwaka 2021, kwa wiki sita. Aliwaonyesha namna ya kupaka dawa kwa brashi kwenye karatasi nene, kulaza juu yake negativi ya plastiki, yaani picha iliyogeuzwa weusi kuwa weupe, kufunika kwa kioo na kuitoa nje juani. Jua ndilo linalochapa. Baadaye karatasi huoshwa kwa maji, na picha hubaki. Wenzake wengi waliacha baada ya mwaka. Rhobi aliendelea. Picha za majani na ndege aliwauzia wageni wa hoteli za Mugumu, lakini picha alizozipenda zaidi ni za watu wa kwao. Mtu alifiwa, akaja na picha ya marehemu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Rhobi akaenda steshenari ya Tarime kutengenezewa negativi, na baada ya siku tatu mfiwa alipewa sura ya mama yake kwa rangi ya kahawia, nzito, kama iliyotoka udongoni.

Rangi hiyo ya kahawia hutoka kwenye silva, yaani madini ya fedha. Dawa yake ilikuwa imemtia Rhobi weusi kwenye ncha za vidole, ambao sabuni haikuutoa, na jirani yake Masele alikuwa akimtania kwamba anaonekana kama mtu aliyeiba makaa. Ili weusi wa picha uwe wa kina zaidi, Nora aliwafundisha kuongeza amonia kidogo kwenye silva. Katika daftari lake la mafunzo Rhobi alikuwa ameandika: "Silva na amonia, changanya ya leo tu. Inayobaki mwaga." Hakuuliza kwa nini. Alidhani dawa ikilala itatoa picha mbaya, kama ile ya bluu.

Hilo la kumwaga ndilo lililomshinda.

Nyangoto ni kijiji cha dhahabu, na huko kitu chenye madini hakimwagwi. Mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa huitwa marudio. Watu huulundika nyuma ya nyumba hata miaka mitano, wakingoja mtu mwenye dawa kali zaidi aje aukamue tena. Baba yake Rhobi alijenga nyumba kwa marudio ambayo wenzake waliyaita uchafu. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba hiyo angewezaje kuimwaga silva chooni? Kila alipomaliza kazi, Rhobi alichukua kijiko kimoja au viwili vilivyobaki vya silva na amonia, akavitia kwenye chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya kahawa, akakaza kifuniko na kuirudisha juu ya rafu. Alifanya hivyo tangu mwaka 2022. Chupa hiyo hakuibandika plasta. Plasta zilikuwa za dawa ya kutumika, na hii ilikuwa marudio.

Mwezi Machi mwaka huu alimwonyesha Masele, Msukuma aliyekuja kutoka Geita kuchimba na ambaye anajua sana mambo ya kuchoma na kuyeyusha.

"Dada, hii ukiikausha juu ya jiko, chini utakuta silva imelala kama mtoto," Masele alisema.

"Na moshi wake?"

"Moshi tutaukimbia. Wewe Mkurya mzima unaogopa moshi?"

"Naogopa wewe na jiko lako. Mara ya mwisho ulichoma nyusi."

"Nyusi zimeota tena. Jumanne alasiri nakuja."

Jumanne asubuhi Rhobi aliishusha chupa, akaiinua juani na kuitikisa. Maji yalifika kimo cha kidole. Chini palikuwa na utando mweusi, na juu ya utando punje ndogo zilizometa. Alifurahi. Aliipiga picha na kumtumia Teddy Limbu, mtunza maabara wa shule moja ya sekondari mjini Tarime, ambaye humsaidia kupima dawa. Aliandika: "Hapa naweza kupata gramu ngapi?" Kisha akairudisha rafuni, akaenda kufua.

Teddy alipiga simu saa nane na dakika ishirini.

"Dada Rhobi, ile chupa umeishika leo?"

"Asubuhi. Ndiyo nikaipiga picha."

"Uliitikisa?"

"Niliitikisa. Kwani vipi?"

"Uko wapi sasa hivi?"

"Mlangoni mwa stoo. Ndiyo naingia kuchukua brashi."

"Usiingie. Na huo mlango usiufunge, uache kama ulivyo. Rudi nyuma taratibu." Sauti ya Teddy ilikuwa ya chini, na Rhobi alimjua Teddy kuwa mtu wa kupiga kelele. "Silva ikikaa na amonia inazaa kitu kingine. Sisi shuleni tukimaliza somo tunaitia asidi hapo hapo na kuimwaga, hailali hata siku moja. Ikilala, zile punje zinalipuka. Hazihitaji moto. Kuguswa tu, kutikiswa tu, hata zikiwa bado ndani ya maji. Sijui kwa nini hazikulipuka mkononi mwako asubuhi."

Rhobi aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye kiwiko.

"Masele anakuja kuichoma," alisema.

"Mpigie asije. Mimi nawapigia polisi, wao wana watu wa mabomu. Wewe toa watu. Nani yuko karibu na hiyo rafu?"

Kabla hajajibu, Rhobi alisikia ukuta ukipigwa. Mara tatu, kwa fimbo, kutoka upande wa pili.

Aliyepiga ni mzee Kisyeri, baba mkwe wake, mwenye miaka themanini na minne. Stoo ya picha ilikuwa imeegemezwa kwenye nyumba yake ya udongo. Ukuta ni mmoja, upande huu rafu, upande ule kichwa cha kitanda. Mzee alivunjika nyonga miaka miwili iliyopita na sikio lake la kushoto halisikii. Akitaka chai au ugoro hupiga ukuta kwa fimbo, na mtu huja. Alikuwa amepiga ukuta huo mara nne au tano kila siku kwa miaka miwili, na kila alipopiga, chupa zilikuwa zikigongana kidogo juu ya rafu. Rhobi alikuwa ameuzoea mlio huo. Sasa aliusikia, akashika mti wa kamba ya nguo.

Alitazama saa kwenye simu. Saa nane na dakika ishirini na sita. Mgodi mkubwa ng'ambo ya barabara hulipua miamba Jumanne saa tisa. Ardhi hutikisika, mabati hulia, na vumbi la ukuta humwagika kwenye vyakula. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kumtoa mzee. Mumewe Emanueli alikuwa ameenda Musoma. Lilian, mtoto wake, alikuwa shuleni. Majirani walikuwa msibani kijiji cha pili. Alimpigia Masele, simu ikaita bila kupokewa.

Akaenda mpaka mlangoni mwa mzee, akasimama hapo. Ndani hakuingia. Katika boma hilo mke wa mtoto haingii nyumba ya baba mkwe wake, hamgusi, wala hampi mkono. Kwa miaka kumi na sita Rhobi alikuwa ameweka chakula kwenye kizingiti, na Emanueli au Lilian ndiye aliyekiingiza.

"Tata," aliita, kama Wakurya wanavyomwita baba. "Tata, toka nje."

"Nani?"

"Mimi. Mama Lilian."

"Lilian amerudi?"

"Bado. Tata, naomba utoke nje."

"Nje kuna jua. Ugoro uko wapi?"

"Utaupata nje. Toka kwanza."

Macho yake yalipozoea giza alimwona mzee amekaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta ule ule, fimbo mkononi. Mzee aliinua fimbo ili apige tena, kama mtu aliyechoka kuzungumza na asiyehusika.

"Usipige ukuta," Rhobi alisema. Alitaka kupaza sauti akaogopa sauti yake mwenyewe.

"Unasema nini?"

"Ukuta. Usiupige, Tata, nakuomba."

Mzee alishusha fimbo juu ya magoti. Hakuwa ameogopa, alikuwa amekasirika. "Huu ukuta nilijenga mimi. Udongo wake niliukanyaga kwa miguu hii, wewe hujazaliwa. Leo unanipangia kuupiga? Au unataka na chumba hiki uweke picha zako?"

"Sitaki chumba."

"Emanueli akirudi ataniambia unachotaka."

Saa nane na dakika thelathini na tano. Rhobi alifikiria kumdanganya, kumwambia kuna mgeni nje, kuna nyoka darini. Lakini mzee angempiga nyoka kwa fimbo, na mgeni angemwambia aingie. Akaona imebaki kweli peke yake, na kuisema kulimtia hofu karibu sawa na ile chupa.

"Tata, nimeweka baruti nyuma ya kichwa chako. Sikujua kama ni baruti. Ni dawa ya picha, imekaa miaka, imeharibika. Imetoa punje."

Rhobi alidhani mzee hakusikia, akafungua mdomo arudie.

"Punje," mzee alisema. "Punje zinang'aa?"

"Zinang'aa."

"Na chupa imefungwa?"

"Nilikaza kifuniko."

Mzee Kisyeri, alipokuwa kijana, alibeba masanduku ya baruti kwenye machimbo ya zamani. Rhobi alilijua hilo kama mtu anavyojua habari za kale za ukoo, bila kulifikiria. Sasa alimwona mzee akiutenga mgongo wake na ukuta, polepole sana, kidole kwa kidole, kama mtu anayejitenga na mtoto aliyelala.

"Baruti ikizeeka inatoa jasho," alisema kwa sauti ndogo. "Jasho lake likikauka linakuwa punje. Tulikuwa na mwenzetu, Simioni, alibeba sanduku la namna hiyo. Tulizika kiatu." Akamtazama Rhobi miguuni. "Vua ndala."

Rhobi akavua.

Mzee aliteremsha mguu mmoja, kisha mwingine. Alijaribu kuinuka akarudi chini, na kitanda kikasogea kidogo. Kichwa cha kitanda kiligusa ukuta. Wote wawili wakaacha kupumua. Upande wa pili kioo kiligongana na kioo, mara moja, kwa upole. Kisha kimya.

Ng'ambo ya barabara king'ora cha kwanza kikalia. Hicho hulia dakika ishirini kabla ya mlipuko, ili watu na mifugo wasogee.

"Ingia," mzee alisema.

"Tata?"

"Nimesema ingia. Nani anatuona hapa?"

Rhobi aliuvuka mlango ambao hakuwahi kuuvuka. Ndani kulinuka ugoro na ngozi ya ng'ombe. Mzee alimnyooshea fimbo. Akashika ncha moja yeye, ncha nyingine Rhobi, kwa hiyo mikono yao haikugusana. Rhobi akavuta. Mzee akasimama, anatetemeka, nyayo zake zikikwaruza sakafu. Walikwenda hatua moja. Ya pili. Rhobi alitembea kinyumenyume, macho yake yako juu ya bega la mzee, kwenye ukuta. Palikuwa na ufa ambao hakuwahi kuuona kutoka upande wake, mrefu, ukianzia kwenye paa na kushuka hadi pale mto wa kulalia ulipokuwa.

Hatua tatu kabla ya mlango mguu mbaya wa mzee ukajikunja. Rhobi aliiona fimbo ikianza kuanguka, akaidaka kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamdaka mzee kiunoni. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Moyo wake uligonga kwenye mkono wa Rhobi kwa kasi kama wa ndege. Rhobi hakumwachia. Alimbeba mgongoni, kama anavyobebwa mtoto, akatoka naye uani, akapita zizi la ng'ombe, akashuka hadi kwenye mawe makubwa mwisho wa shamba, na hapo akamweka chini nyuma ya jiwe.

Walikaa wakihema. Mzee alitazama mbali.

"Emanueli usimwambie ulinishika," alisema. "Mwambie nilitoka mwenyewe."

"Sawa, Tata."

King'ora cha pili kikalia. Rhobi aliziba masikio, akayaachia, akayaziba tena. Ardhi ikaruka chini yao. Mabati ya nyumba zote yakalia, mbuzi wakakimbia, vumbi likapanda. Alitazama stoo. Ilikuwa imesimama. Mlango wake ulicheza kidogo kwenye bawaba, ukaenda, ukarudi, na Rhobi akauomba kimoyomoyo usijibamize. Haukujibamiza.

Kutolipuka huko hakukumpa nafuu yoyote. Chupa ilikuwa bado pale, na sasa hakuna aliyejua nini kingetosha kuiamsha.

Muda si mrefu akamwona Masele akitokea upande wa barabara, jiko begani na sufuria mkononi, anapiga mluzi, anaelekea moja kwa moja stoo.

"Masele, simama hapo."

"Mbona mmejificha shambani? Mnavizia panya?"

"Simama. Ile dawa inalipuka."

Masele alicheka. "Silva inalipuka? Dada, nimechoma madini miaka kumi na..."

"Kijana." Mzee Kisyeri alikuwa amejivuta mpaka kwenye ukingo wa jiwe. "Shikamoo hujui kwenu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ukiongeza hatua moja, nani aje kukuokota kutoka Geita? Mama yako yuko hai?"

Masele alisimama. Alitazama uso wa mzee, kisha wa Rhobi, kisha vidole vya Rhobi vilivyoshika unyasi na kuukatakata bila yeye kujua. Akaliweka jiko chini kwa mikono miwili, taratibu mno, kama jiko lenyewe ndilo lenye baruti.

Usiku huo hakuna aliyelala bomani. Walikwenda kwa Masele, na Rhobi alikesha akisikiliza upande wa nyumba yake. Kwa kila paka aliyeruka, kila bati lililopoa na kulia, alikaa wima. Alikumbuka mara zote alizoifungua chupa ile ili kuongeza kijiko kingine, Lilian akiwa amesimama pembeni anashika taa. Alihesabu mpaka arobaini, akaacha.

Wataalamu wa mabomu wa polisi walifika Jumatano saa nne asubuhi. Walikuwa wawili. Yule mkubwa alitazama picha kwenye simu ya Rhobi kwa muda mrefu, akauliza chupa ina umri gani.

"Sijui vizuri," Rhobi alisema. "Nilianza mwaka ishirini na mbili. Hiyo sikuiandika tarehe."

Askari hakumkaripia. Alisema tu kwamba hawataibeba. Waliwarudisha watu nyuma mpaka barabarani, wakapanga mifuko ya mchanga, na mmoja aliingia stoo bila viatu, akafunga kamba kwenye mguu wa rafu. Askari huyo alipokuwa ndani, Emanueli, aliyekuwa amerudi alfajiri, alimshika Rhobi bega, na Rhobi hakuhisi mkono huo. Askari akatoka. Walivuta kamba kutoka mbali.

Mlio haukuwa mkubwa kama wa mgodi. Ulikuwa mkavu, mfupi, kama fimbo nene iliyovunjwa karibu na sikio. Kisha vioo vikamwagika kwa muda ambao haukutaka kwisha.

Askari walipomaliza kukagua waliwaruhusu wenye nyumba waangalie. Stoo haikuwa na rafu tena, na dawa zote, za kijani na za manjano, zilikuwa zimetapakaa sakafuni pamoja na vipande vya plasta. Emanueli akaenda upande wa baba yake, akasimama ndani, akawaita wenzake. Udongo wa ukuta ulikuwa umebanduka kwenye ufa, fito zimebaki wazi, na vipande vya kioo vilikuwa vimepita kati ya fito. Vingi vilikuwa kwenye mto. Kimoja, kirefu kama kidole, kilikuwa kimezama mpaka katikati ya pamba.

Mzee Kisyeri aliletwa na Masele mpaka mlangoni. Aliutazama mto huo.

"Baba, ulitokaje humu na nyonga hiyo?" Emanueli aliuliza.

Rhobi alikuwa nje, hatua mbili kutoka kizingiti, pale anaposimama siku zote. "Alitoka mwenyewe," alisema.

Mzee aliendelea kuutazama mto. Kwa mara ya kwanza Rhobi alimwona akiogopa wazi, mbele ya watu, bila kujificha.

"Alinibeba," mzee alisema. "Mgongoni. Mke wako alinibeba mgongoni."

Masele aliangalia chini. Emanueli alivuta shuka akaufunika mto, lakini kioo kikatoboa shuka.